Pikipiki inavuma, masikio yanalia: tafuta chanzo kabla ya kununua kitu

"Baba, mbona unaongea kama mpiga debe wa Mbezi?"

Mwanangu aliniuliza hivyo mezani, nikiwa nimeingia nyumbani Kibaha kama nusu saa tu kutoka mjini. Sikujua kama napaza sauti. Masikio yalikuwa yamejaa mvumo kama mzinga wa nyuki, naye nilimsikia kwa mbali, kana kwamba yuko chumba cha pili. Nikaamua ni eksozi. Kesho yake nikapita eneo la Gerezani, Dar es Salaam, fundi akaifungua, akachomelea palipotoboka, nikalipa, na jioni mvumo ulikuwa uleule. Nilipomrudia alicheka. "Kaka, mimi nimeziba bomba. Upepo sina spana yake."

Alikuwa sahihi, na hela yangu ilikuwa imekwenda. Tangu hapo nimeona wenzangu wengi wakifanya kosa hilohilo: kelele moja inawaumiza, wao wanatibu nyingine. Anza na dalili unayoisikia, kisha ifuate mpaka inapotokea.

Hujui kama ni chombo au ni upepo

Tafuta kipande cha barabara kilichonyooka, Jumapili alfajiri kabla magari hayajajaa, na hakikisha nyuma yako hakuna mtu. Ukiwa kwenye spidi ya 60 hivi, vuta klachi na uachie akseli, pikipiki iserereke yenyewe. Hesabu moja, mbili, tatu. Kelele ikishuka, tatizo liko kwenye chombo. Ikibaki vilevile, ni upepo, na hakuna haja ya kumsumbua fundi.

Kwa jumla, chini ya kilomita 65 kwa saa injini na bomba ndivyo vinavyosikika zaidi. Ukipita hapo upepo unavimeza. Ndiyo maana bodaboda anayezunguka Sinza na Mwananyamala, kwenye makazi ambako kikomo cha sheria ni 50, ana ugonjwa tofauti na wangu mimi ninayepanda na kushuka Barabara ya Morogoro. Yeye aangalie eksozi kwanza: kutu iliyotoboa, gasketi iliyoungua pale bomba linapoingia kwenye injini, nati zilizolegea, na plastiki za pembeni zinazogongana. Wale vijana wanaong'oa vyuma vya ndani ya eksozi ili pikipiki ilie kama ya mashindano sina la kuwaambia, ila wajue kwamba mtaa mzima unasikia kelele hiyo kwa sekunde kumi, na wao wanashinda nayo.

Kitu kingine: geji haipimi upepo. Kati ya Juni na Septemba kusi ikivuma, ukishuka Barabara ya Kilwa kuelekea Mbagala unakutana nao usoni. Geji inasema 60, upepo unakuja na 25 zake, kofia inakula 85. Desemba hadi Machi kaskazi hugeuza kibao, wanaoumia ni wanaokwenda Bunju. Daraja la Tanzanite nalo lina mambo yake, maana pale upepo wa bahari unakupiga ubavuni, na kofia iliyokuwa kimya kabisa inaanza kulia ghafla. Kwa hiyo ukiona leo kelele nyingi na jana hakukuwa na kitu, kabla ya kuibomoa kofia jiulize upepo ulikuwa unatoka wapi.

Ngurumo nzito, kama bati linalotikiswa mbali

Hii ndiyo inayosumbua wengi, na ndiyo iliyonipeleka mimi Gerezani bure. Haikwaruzi sikio, kwa hiyo mtu anaizoea upesi na kudhani ndivyo pikipiki zilivyo. Ukimuuliza inaingilia wapi atakuonyesha kioo, au matundu ya juu. Mara nyingi inaingilia chini.

Kofia inaupasua upepo kwa mbele, upepo unateleza pembeni na chini, na ukifika kwenye ukingo wa kidevu unakatika na kuanza kuzunguka ovyo, kama maji ya mto yanavyofanya nyuma ya nguzo ya daraja. Vurugu hiyo iko sentimita chache tu kutoka kwenye sikio lako, na mlango wake uko wazi: ile nafasi kati ya kofia na shingo. Halafu ganda la kofia na sponji yake vinazuia vizuri sauti nyembamba, lakini sauti nzito zinapenya. Ndiyo maana mtu ananunua kofia ya bei kubwa, anasifu kwamba injini haisikiki tena, na jioni masikio yanamvuma vilevile.

Kuthibitisha, mwombe mwenzako aendeshe na wewe ukae nyuma. Mkono mmoja ushike chuma cha nyuma, mwingine uwe wa uchunguzi. Kwenye spidi ya 60 ziba kwa kiganja nafasi iliyo chini ya kidevu, achia, ziba tena. Kisha sogeza kiganja chini ya sikio, halafu nyuma ya shingo. Nyuma ya dereva upepo umekwishachafuka, kwa hiyo usitafute kipimo, tafuta tofauti. Sauti ikikatika kama redio iliyopunguzwa ghafla, mlango umeupata. Usijaribu hili ukiwa wewe ndiye unayeendesha.

Kofia nyingine zinazofunika uso mzima huja na kitambaa kinachobanwa chini ya kidevu. Nyingi zinazouzwa Kariakoo hazina. Mimi natumia kipande cha kanga kuukuu, nimekikunja mara mbili na kukizungusha shingoni mpaka kinajaza ile nafasi bila kunikaba. Ncha zote zinaingia ndani ya jaketi. Kitambaa kinachopepea ni kelele mpya, na kikidakwa na mnyororo ni msiba. Nakiri kwamba mwezi wa Februari kanga shingoni ni adhabu. Nikifika Ubungo ninapoingia kwenye foleni naivua, maana kwenye mwendo ule haina kazi.

Kanga haisaidii kama kofia yenyewe ni kubwa. Ivae, funga mkanda, kisha ishike kwa mikono miwili na uizungushe kushoto na kulia. Ngozi ya mashavu inatakiwa ivutwe pamoja nayo. Kama kofia inazunguka na kichwa kimetulia, umevaa ndoo. Wengi dukani tunachagua ile inayoingia kwa urahisi, tunasahau kwamba sponji za mashavu hulala kadiri zinavyotumika, na kofia iliyokuenea vizuri siku ya kwanza itakuwa imelegea baada ya miezi. Mpya inatakiwa ibane mashavu kiasi kwamba ukitafuna unajing'ata kidogo. Na kofia ya abiria ile inayoning'inia kwenye usukani, iliyopita kwenye vichwa vya Tandale nzima, usiitegemee kwa lolote la maana.

Zile kofia nusu zisizo na kidevu hazina ufumbuzi hapa. Huwezi kuziba mlango wa baraza. Ukiwa nayo, ruka moja kwa moja kwenye vizibo vya masikio. Na ukipata hela badilisha, kwa ajili ya taya lako kabla hata ya masikio.

Filimbi

Filimbi ni rahisi kuliko ngurumo kwa sababu ina tundu, na tundu linazibika. Nunua solatepu nyeusi ya mafundi umeme. Siku ya kwanza ziba matundu ya hewa ya juu na uende safari yako ya kawaida. Siku ya pili yafungue, uzibe la kidevuni. Siku ya tatu pembe za kioo pale kinapokutana na ganda. Kitu kimoja kwa siku, la sivyo hutajua kilichoponya. Yangu ilikuwa kifuniko kidogo cha skrubu ya kioo kilichodondoka bila mimi kujua. Tundu lisilotosha hata punje ya mahindi lilikuwa linapiga mluzi kutoka Kibamba hadi Kimara.

Mpira unaozunguka kioo ukikauka au ukijaa vumbi haushiki tena. Uoshe kwa maji na sabuni ya kawaida, usiusugue kwa petroli. Angalia pia vitu visivyo vya kofia: ncha ya mkanda iliyobaki ndefu, zipu ya jaketi, vioo vya pembeni, kibati cha namba. Ukishapata chanzo bandua tepu yote kwenye matundu ya hewa. Kofia isiyopumua kwenye joto la Dar inakupeleka kuendesha kioo kikiwa wazi, na hapo kazi yote imekwenda na maji.

Kichwa kinapigwapigwa

Kofia ikitetemeka mpaka macho yanashindwa kusoma bango, usilaumu kofia bado. Kama umefunga kioo cha upepo mbele ya pikipiki, ukingo wake wa juu unarusha upepo uliovurugika, na ukikufikia usawa wa kidevu au wa macho ndiyo mahali pabaya kuliko pote. Kaa kama kawaida, kisha inamisha kichwa kidogo, halafu jinyooshe. Ukiinama kukatulia, kioo ni kifupi kwako au kimelala mno. Ukijinyoosha kukatulia, afadhali kikatwe au kiondolewe. Nimekwisha kuona mtu anatoa kioo kizima kwenye Boxer yake na kelele inapungua, kwa sababu upepo msafi, hata ukiwa mwingi, unaliza kofia kidogo kuliko ule uliochafuliwa.

Bila kioo cha mbele na bado unapigwa? Umekaa nyuma ya lori. Ondoka hapo.

Umefika nyumbani, masikio yanalia

Hapa ndipo penye hatari yenyewe. Ngurumo, filimbi na mtetemo vinakera. Mlio unaobaki baada ya kuzima injini unasema sikio limezidiwa.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa 1, 97 ni nusu saa, 100 ni dakika 15. Sasa chukua zile kilomita 19.2 za njia nane kati ya Kimara na Kibaha. Kwa spidi ya 80 ni dakika 14 na kidogo, kwenda na kurudi karibu 29. Tuseme ndani ya kofia kuna desibeli 94: umekula karibu nusu ya posho ya siku, na hujahesabu honi wala kelele za kazini. Mwenzako anayekwenda 100, na kwenye spidi hiyo kelele ndani ya kofia hukaribia desibeli 100, anatumia dakika 23 kwenda na kurudi. Ameokoa dakika 6 na amevuka kikomo chake kwa dakika 8. Hakuna kifaa dukani kinachopunguza kelele kwa urahisi kama kuachia akseli kidogo.

Programu za simu za kupima desibeli usizitegemee barabarani. Upepo ukipiga maikrofoni yenyewe, namba inakuwa ya uongo. Kipimo ninachokiamini ni cha redio. Asubuhi kabla ya kutoka weka redio kwenye sauti ya chini kabisa unayoweza kufuatilia taarifa ya habari, usiiguse tena. Jioni ukirudi iwashe. Kama maneno hayakamatiki mpaka uongeze, usikivu wako umeshuka siku hiyo. Kwa kawaida unarudi ukilala, na ndiyo unaotudanganya: tunadhani sikio limepumzika kama mguu uliochoka, kumbe seli zile zenye vinywele ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Zinazotangulia kufa ni za sauti nyembamba, kwa hiyo hutaona kwamba dunia imekuwa kimya. Utaona watu wanamung'unya. Abiria anasema "fika pale", wewe unasikia "shika pale", na unamlaumu yeye.

Mlio ukizidi siku mbili, au ukija kila jioni, nenda ukapimwe usikivu. Anzia hospitali ya karibu, wakishindwa watakuandikia uende kliniki ya masikio, pua na koo, kama ile ya Muhimbili. Sikio moja likizima ghafla, hata bila maumivu, usingoje lizibuke lenyewe. Wahi siku hiyohiyo au kesho yake, kwa sababu dawa zake husaidia zaidi zikianza mapema.

Umevaa vizibo na kelele iko palepale

Baada ya kanga, tepu na kofia inayobana, kwenye barabara kuu bado unahitaji vizibo vya masikio. Vya sponji, vile vya kubonyea wanavyovaa watu wa viwandani, vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini na baadhi ya famasi, na jozi moja haifiki bei ya sahani ya chipsi mayai. Tafuta pakiti iliyoandikwa desibeli 30 au zaidi, ukijua kwamba hiyo ni namba ya maabara. Barabarani utapata pungufu.

Wanaosema havisaidii mara nyingi wameviegesha mlangoni mwa sikio. Osha mikono kwanza, hasa kama umetoka kupaka mnyororo grisi. Sokota kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti. Pitisha mkono wa kushoto juu ya kichwa, vuta sikio la kulia kwenda juu na nyuma ili njia inyooke, ingiza, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30 kikivimba. Huo mkono wa juu ya kichwa ndio wengi wanaouruka, na ndio wenye siri yote. Kizibo kikikaa sawa, sauti yako mwenyewe inakuwa kama unaongea ndani ya pipa. Jaribio la pili: funika masikio kwa viganja. Kama kelele inapungua sana, vizibo havijaingia. Kama hakuna tofauti kubwa, viko sawa.

Halafu vaa kofia kwa kutanua mashavu yake kwa mikanda miwili, isije ikavitoa tena. Kizibo kikiuma baada ya dakika 20, huenda kimejitokeza nje na kofia inakisukuma, au ni kikubwa kwa sikio lako; vipo vidogo.

Pamba haizibi kelele, inazuia vumbi tu. Na spika za masikioni zenye muziki ni balaa kwa mtindo wake: unapandisha sauti mpaka ishinde upepo, sasa sikio linabeba vyote viwili.

Unaogopa hutasikia honi

Nilikuwa na hofu hiyo pia. Kwenye spidi ya 80 bila vizibo, honi ya basi la mkoani inakuja imezama ndani ya ngurumo. Vizibo vinashusha vyote pamoja, honi na ngurumo, kwa hiyo honi haipotei, na sikio ambalo halijaelemewa linaitofautisha vizuri zaidi. Mimi naisikia. Ila mjini, kwenye mwendo wa kupenyapenya Magomeni na Kariakoo, navitoa. Pale upepo si tatizo, na unahitaji kumsikia konda anayegonga bodi ya daladala kabla haijakuingilia. Vioo vya pembeni tumia kote kuwili.

Sikio linawasha au linatoa majimaji

Acha vizibo mpaka uone daktari. Jasho na unyevu wa huku vinafanya sponji kuwa makazi ya wadudu. Kizibo kikibadilika rangi au kikiacha kuvimba, kitupe. Usichokonoe nta kwa njiti ya kiberiti wala funguo ya pikipiki. Wewe unajijua.

Sasa unasikia vitu ambavyo havikuwepo

Wiki ya kwanza ya vizibo nilisikia chini yangu kitu kikipiga tak-tak-tak kila nikiachia akseli. Nikajua injini inakufa. Ulikuwa mnyororo, umelegea mpaka unapiga kava, na kwa muda wote ule upepo ulikuwa unaufunika. Ukisikia hivyo, simamisha pikipiki, pima mchezo wa mnyororo katikati kwa upande wa chini: kwa pikipiki nyingi ndogo sentimita 2 hadi 3 zinatosha, kitabu cha pikipiki yako kitakwambia hasa. Ukizidi, kaza pande zote mbili sawasawa kwa alama zilizo kwenye mkono wa nyuma, paka oili, zungusha tairi kwa mkono usikilize.